Kilichokuwa Ndani ya Kopo la Bibi

Chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa duka, karakana na sebule, vyote kwa pamoja. Cherehani ilikaa dirishani penye mwanga, meza ya kukatia ilikaa katikati, na mgeni aliyetaka kukaa ilimbidi kwanza aondoe vitambaa kwenye kiti. Bibi alikuwa akishona hapo tangu binti yake akiwa mtoto wa kubebwa. Likizo hii kazi haikuwa mchezo. Shule zilikuwa zinafunguliwa baada ya wiki chache, na nusu ya mtaa ilikuwa imeleta sare zishonwe, huku nusu nyingine ikija kuuliza kama bado kuna nafasi.

Bibi alikuwa na utaratibu wake ambao hakuna aliyethubutu kuugusa: nguo moja, kikombe kimoja. Akimaliza nguo, alikata uzi wa mwisho, akaitundika nguo ukutani, akavua miwani, akanyoosha mgongo na kusema neno moja tu, "Chai." Siku za kawaida ilikuwa vikombe vitatu. Msimu wa sare vilifika saba, hata vinane.

Kwa miaka miwili sasa kazi ya kuandaa chai ilikuwa ya mjukuu wake, msichana wa miaka kumi na miwili ambaye mtaa mzima ulimwita Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukujua mapumziko. Alijua kipimo cha majani, alijua kikombe anachokipenda Bibi, na alijua vizuri kwamba chai ya Bibi haitiwi sukari. Bibi alikuwa na kisukari, ugonjwa unaoufanya mwili ushindwe kuitumia sukari inavyopasa. Huu ulikuwa mwaka wa tisa. Alimeza vidonge vyake, alikula kwa mpango, na kila Jumapili asubuhi alijichoma kidole, akapima tone la damu kwa kipimo chake kidogo na kuandika namba kwenye kalenda ya ukutani. Kwa kawaida ilikuwa saba au nane, naye aliiandika kwa majivuno.

Kwenye chai alitumia unga mweupe wa kwenye kopo la bluu. Kilikuwa kitamu bandia, yaani kitu kinachotia utamu bila kuwa sukari, na nyumbani kwao waliuita tu sukari ya kopo. Ulipimwa kijiko kwa kijiko kama sukari yenyewe. Bibi alitaka vijiko viwili, na ukimtilia kimoja na nusu alijua papo hapo.

Jumatatu moja Bibi alimtuma Chiriku apeleke aproni tatu saluni, mlango wa tatu kutoka kwao. Mwenye saluni, ambaye Chiriku alimwita shangazi ingawa hawakuwa na udugu wowote, alikuwa ameacha kichwa cha mteja kimesukwa upande mmoja. Yeye na wateja wake walikuwa wameizunguka simu, na kutoka kwenye simu ilisikika sauti nzito ya mwanamume aliyejiita daktari. Hakusema ni daktari wa nini, wala wa wapi.

Sauti ilisema vitamu bandia vyote ni sumu. Ilisema vinakausha ubongo na kuleta saratani, na kwamba wakubwa wanajua lakini wanaficha. Ilimtaja mwanamke aliyevitumia miaka miwili tu akafa ghafla mezani, kikombe mkononi. Kisha ikaendelea kwamba mtu anayeacha vitu hivyo asishtuke akipata kiu kali, akienda chooni kila mara, akichoka na macho yakiona ukungu, kwa sababu hiyo ndiyo sumu inayotoka. Hata vipimo vya damu vitapanda kabla ya kushuka. Avumilie siku ishirini na moja, wala asirudi nyuma.

Mteja aliyesukwa nusu alishika shavu. Shangazi wa saluni alisimamisha sauti pale pale na kuanza kuisambaza kwa kila mtu anayemjua. Mwanamke mwingine, aliyekuwa akingoja zamu yake, alisema baba yake anatumia vitu hivyo mwaka wa kumi na bado anamshinda kutembea. Wa tatu akasema hata wataalamu wenyewe wanabishana, leo hivi, kesho vile, basi mtu amsadiki nani. Ubishi ukapamba moto. Chiriku aliweka aproni juu ya kiti na kutoka bila kuaga, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea.

Njiani alipiga hesabu. Vijiko viwili kila kikombe, vikombe saba kwa siku, na aliyevitia ni yeye. Miaka miwili yote hiyo alikuwa akimpelekea Bibi sumu kwenye sahani, tena huku akiimba.

Alipofika alimkuta Bibi ana pini tano kati ya midomo, anapima kola. Chiriku akamweleza yote kwa pumzi moja, mpaka lile la mwanamke aliyekufa mezani. Bibi alitoa pini mdomoni moja moja ili asizimeze kwa kicheko.

"Huyo daktari wa kwenye simu ameshanipima?" aliuliza. "Wangu amenipima miaka tisa, naye ndiye aliyeniruhusu. Niletee mkasi, mjukuu wangu."

Chiriku alijaribu tena jioni, na tena asubuhi ya Jumanne. Mara ya tatu Bibi alimwambia kwamba akisikia habari ya sumu tena atampa vifungo mia avipange kwa rangi. Alisema kwa mzaha, lakini mlango wa mazungumzo ulikuwa umefungwa. Mama yake Chiriku, aliyefanya kazi kwenye kaunta ya posta, alikuwa akirudi amechoka hoi, na Chiriku akaona huyo naye atamcheka tu.

Basi akaamua mwenyewe. Bibi alipotoka kwenda kununua nyuzi, Chiriku alifungua kopo la bluu, akamwaga unga wote kwenye sinki na kufungulia bomba mpaka weupe wote ukapotea. Kisha akachukua sukari ya kabatini, ile waliyotumia yeye na mama yake, akaimimina kwenye sinia na kuisaga kwa chupa mpaka ikawa laini. Akajaza kopo na kulirudisha mahali pake. Moyoni alijiona ameokoa maisha ya mtu.

Si kwamba hakujua kuwa sukari ni mbaya kwa Bibi. Alijua. Ila alijiambia kuwa sukari inatoka kwenye muwa, watu wameila tangu zamani, na ubaya wake ni wa polepole, wakati ile sumu inaua ghafla. Tena ni siku ishirini na moja tu. Sumu ikishatoka, atamwambia Bibi kila kitu, nao wataacha vyote viwili.

Kikombe cha kwanza Bibi alikionja, akaonja tena. "Chai ya leo imekaa sawasawa," alisema. Chiriku alirudi jikoni na kuruka juu mara mbili kwa furaha.

Ijumaa Bibi alianza kusikia kiu. Alikunywa jagi zima la maji kabla ya adhuhuri, na cherehani ikawa inanyamaza kila mara kwa sababu fundi amekwenda chooni. Chiriku alipoiona ile kiu, nywele zilimsimama. Kumbe ile sauti ilikuwa kweli tupu. Sumu ilikuwa inatoka, na kwa wingi huo, maskini, ilikuwa imemjaa bibi yake mpaka kooni. Kiu ilipozidi alizidi kumletea chai, akidhani anamsaidia.

Jumapili kipimo kilitoa kumi na tano. Bibi alikitazama, akakipiga kwenye kiganja, akapima tena. Kumi na tano. Akasema vijiti vya kupimia vimeingia unyevu, na hakuandika chochote kwenye kalenda. Mama alitaka waende kliniki kesho yake. Bibi akakataa, akasema sare arobaini zinamngoja, na siku yake ya kliniki ipo karibu. Chiriku alisimama mlangoni, akikumbuka kwamba sauti ilisema vipimo vitapanda kwanza. Alitamani kuwaambia wasiogope.

Wiki ya pili Bibi alikuwa anasinzia juu ya cherehani. Alhamisi alimaliza shati, akalitundika ukutani kama kawaida na kusema, "Chai." Chiriku alilitazama lile shati na kucheka, kwa sababu alidhani Bibi amefanya utani. Mfuko wa kifuani ulikuwa umeshonwa mgongoni, na mkono mmoja ulikuwa ndani nje.

Bibi hakucheka. Alilishusha shati, akalisogeza karibu na uso, kisha mbali, kisha karibu tena. Alipapasa mfuko kwa vidole taratibu. Mwanamke huyu alikuwa ameshona tangu ujana wake, na alikuwa akitamba kwamba angeweza kushona shati zima akiwa amefumba macho. Akajaribu kutia uzi kwenye sindano, ukapita pembeni. Akajaribu tena, ukapita pembeni.

"Mjukuu wangu," alisema, na ulimi wake ulikuwa mzito, "nitilie uzi. Siioni hii sindano."

Aliinuka ili ampishe mwangani, akarudi kitini kwa kishindo, kichwa kikaanguka kando. Macho yalikuwa wazi lakini hayakumtazama mtu. Chiriku aliita, Bibi akajibu maneno yasiyoeleweka. Msichana akatoka mbio mpaka saluni, na shangazi wa saluni akaja na kitana bado kimechomekwa kichwani, akasimamisha teksi, wakambeba Bibi wote wawili pamoja na dereva.

Kliniki walimchoma kidole kabla hata hawajamlaza vizuri. Muuguzi aliisoma namba, akaisoma tena, akamwita daktari. Ishirini na sita. Daktari alikuwa mwanamama mwembamba mwenye sauti ya chini, yule yule aliyemtibu Bibi miaka yote. Aliagiza dripu ya maji na sindano ya kwanza ya kushusha sukari, akasimama pale mpaka Bibi akaanza kujibu maswali kwa akili timamu. Mama alifika kutoka posta akiwa bado amevaa beji ya kazini. Shangazi wa saluni akarudi kwa wateja wake.

Ndipo daktari akavuta kiti na kuuliza Bibi amekula nini wiki hizi mbili. Bibi akataja kila kitu, mlo kwa mlo. Daktari akauliza habari ya soda, ya keki, ya asali. Bibi akasema hajagusa.

"Mama," daktari alimwambia Bibi kwa upole, "kipimo kama hiki hakiji hivi hivi. Kuna sukari imeingia, tena nyingi."

"Sijala sukari," Bibi alisema.

Mama akainama juu ya kitanda na kumshika mkono. Akamwambia aseme tu, hakuna atakayemgombeza, kila mtu huteleza. Akauliza kama ni zile biskuti ambazo wateja humletea.

Bibi aliutoa mkono wake taratibu na kugeukia ukuta. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Chiriku hakuwa amewahi kumwona Bibi akilia, hakujua hata kwamba Bibi analia.

"Miaka tisa sijaitia sukari mdomoni," Bibi aliuambia ukuta. "Leo mwanangu mwenyewe hanisadiki."

Chiriku alikuwa amebana kwenye kona, kati ya stendi ya dripu na kabati. Neno "sukari" lilikuwa limempiga kama kofi. Haikuwa sumu iliyotoka. Kiu, choo, ukungu wa macho, mfuko ulioshonwa mgongoni, vyote hivyo vilikuwa sukari, na sukari ilikuwa yeye. Halafu wazo likamjia, wazo jepesi na tamu la mtu mwenye hofu: akirudi nyumbani atamwaga ile sukari, atanunua kopo jipya, Bibi atapona, na hakuna atakayejua. Bibi ataonekana mwongo kwa siku chache tu. Watu husahau.

Daktari alikuwa ameanza kuandika. Alimweleza mama kwamba vidonge peke yake havitoshi tena. Kuanzia kesho Bibi atachomwa sindano asubuhi na jioni, kwa kipimo kikubwa, mama atafundishwa kuchoma.

"Lakini uwe macho," akaongeza. "Nimepima dawa kulingana na sukari iliyopo sasa. Ikitokea ile sukari anayoila akaiacha ghafla, dawa hizi zitaishusha mno. Mtu wa umri wake anaweza kulala asiamke. Kushuka kunaua upesi kuliko kupanda. Ndiyo maana nataka kujua inatoka wapi."

Lile kopo jipya alilopanga kulinunua kimyakimya lingemuua Bibi. Chiriku akatoka kwenye kona yake.

"Bibi hasemi uongo," alisema. Wote wakageuka. "Ni mimi. Nilimwaga unga wa kopo, nikatia sukari. Nilimtilia kila siku."

Kalamu ya daktari ilibaki hewani. Mama alimtazama bintiye kama mtu anayetazama mgeni aliyeingia nyumbani bila kubisha, kisha akaketi kwenye ukingo wa kitanda. Bibi aligeuka kutoka ukutani. Kati ya nyuso zote mle chumbani, huo ndio Chiriku alioshindwa kuutazama.

Daktari hakumkemea. Alimwuliza maswali mafupi: tangu siku gani, vijiko vingapi, vikombe vingapi kwa siku, mara ya mwisho saa ngapi. Chiriku alijibu yote huku machozi yakimdondoka kifuani, akaeleza na habari ya sauti ya kwenye simu na zile siku ishirini na moja. Daktari akafanya hesabu pembeni ya karatasi. Kisha akaikunja ile karatasi ya dawa, akaitupa kwenye ndoo na kuanza nyingine.

"Sindano za nyumbani hakuna," alimwambia mama. "Atabaki hapa mpaka kesho tumshushe taratibu, halafu atarudi kwenye vidonge vyake vya zamani." Akamgeukia Chiriku. "Umefanya jambo la hatari sana. Na sasa hivi umefanya jambo gumu sana. Ungesubiri mpaka wiki ijayo kulisema, pengine tungekuwa tunazungumza habari nyingine."

Mama alimwomba Bibi msamaha pale pale, mbele ya muuguzi, kwa kumwita mwongo bila kutamka neno lenyewe. Bibi alimpapasa kichwa. Kwa Chiriku hakusema kitu.

Bibi alirudi nyumbani Ijumaa mchana, akaketi dirishani na kuanza kazi kidogo kidogo. Alipomaliza nguo ya kwanza alikata uzi, akaitundika, akavua miwani. Chiriku alikuwa amesimama jikoni, birika tayari. Bibi akainuka, akapita karibu yake, akajitengenezea chai mwenyewe kutoka kwenye kopo jipya alilonunua mama. Kisha akalibeba lile kopo na kwenda kuliweka kando ya cherehani, karibu na mkono wake. Siku ya pili ikawa hivyo hivyo, na ya tatu. Hakumgombeza, hakumnunia, alimjibu alipoulizwa. Ila chai alijitengenezea. Mama alikuwa amemfokea Chiriku mpaka sauti ikamkauka, lakini fokeo lote lile halikumuuma kama lile kopo kuhamia kwenye cherehani.

Siku ya nne alikwenda saluni akaomba kuisikia ile sauti mpaka mwisho, maana siku ile shangazi aliikatisha ili aisambaze. Wakaisikiliza wawili, bila mteja. Baada ya zile siku ishirini na moja, sauti iliendelea. Ilisema mgonjwa asihangaike, kwani daktari huyo huyo anauza unga wake wa mizizi, mtamu, salama kabisa, hauna shaka hata chembe, apigiwe tu kwa namba ifuatayo.

Shangazi wa saluni aliweka simu kifudifudi mezani. Alikuwa ameituma kwa watu zaidi ya hamsini, akiwamo kaka yake mwenye kisukari. Akaanza kuwapigia mmoja mmoja, na Chiriku akamsomea majina.

Wiki mbili zilipopita, Bibi alirudi kliniki, na safari hii alimwambia Chiriku avae viatu waende wote. Kipimo kilisoma tisa. Daktari akatabasamu. Chiriku alitoa karatasi mfukoni, maana alikuwa ameandika maswali, na akaomba ruhusa kwanza kwa Bibi. Bibi akatikisa kichwa kukubali.

Swali la kwanza lilikuwa kama vitamu bandia ni sumu kweli. Daktari alisema hapana, ile hadithi ya mtu kufa mezani haina msingi. Vitamu hivi vimechunguzwa miaka mingi, na kimewekwa kipimo cha siku ambacho mtu hatakiwi kukizidi. Kwa chai anayokunywa Bibi, hata msimu wa sare, hakifikii. Akamgeukia Bibi na kumwambia kwamba hata hivyo angefurahi kumwona akizoea kidogo kidogo chai isiyo tamu sana, si kwa hofu, ila kwa sababu mwili hauhitaji utamu huo. Bibi alikunja uso, akasema atafikiria.

Swali la pili lilikuwa refu. Kama ni salama, kwa nini wataalamu wanabishana? Mtu akitumia maisha yake yote, hatapata madhara yoyote?

"Sijui," alisema daktari.

Chiriku alishtuka kuliko siku alipoona mfuko mgongoni. Alimtazama Bibi, akamtazama daktari, akidhani amesikia vibaya. Daktari mzima, na koti jeupe, na vyeti ukutani, anasema hajui.

"Kuna tafiti zilizoona dalili za kutia shaka," daktari aliendelea, "na nyingine nyingi hazikuona kitu. Wenzangu wanabishana kwa sababu bado wanatafuta, na wakipata jipya watatuambia. Ninachokijua leo ni hiki: kwa bibi yako, hatari ya sukari ni ya hakika, umeiona kwa macho yako. Hatari ya kopo ni swali ambalo bado linaulizwa. Ulikimbia swali, ukaingia kwenye jibu baya. Yule wa kwenye simu alikuwa na uhakika wa kila kitu, sivyo? Ukimsikia mtu hana shaka hata chembe, halafu ana kitu cha kukuuzia, mwulize maswali mawili zaidi."

Chiriku aliandika jibu lile, neno "sijui" akiliandika kwa herufi kubwa.

Nje ya kliniki palikuwa na benchi la kusubiria, na Bibi akasema akae kidogo, bado miguu haijapata nguvu zake zote. Chiriku alikaa mwisho wa benchi, mbali kidogo. Bibi akapiga kiganja kwenye nafasi iliyokuwa kati yao mpaka msichana akasogea.

"Ulikuja kwangu mara tatu na hofu yako," Bibi alisema, "nami nikakucheka mara tatu. Hilo ni kosa langu, nalibeba. Ningekusikiliza, tungekuja hapa kuuliza siku ile ile."

Chiriku alitaka kusema hapana. Bibi aliinua kidole.

"Sijamaliza. Kumpenda mtu hakukupi ruhusa ya kumdanganya. Wewe ulinipenda, najua, lakini ulinipenda kama mtu anayependa kitu, si kama mtu anayependa mtu. Mtu huulizwa. Mimi nikikataa kusikia, niambie tena. Nikikataa tena, mwambie mama yako, njoo kwa daktari, piga kelele mtaani. Ila kitakachopita kinywani mwangu nikijue. Umenisikia?"

"Nimesikia, Bibi. Nisamehe."

"Nilishakusamehe siku ile kitandani. Nilikuwa nimeonekana mwongo mbele ya mwanangu na mbele ya daktari wangu, na wewe ukaurudisha ukweli wangu ukijua utakachopata. Si wakubwa wote wanaweza. Kusamehe ni upesi, mjukuu wangu. Kuamini ndiko kunachukua muda. Nilikuwa nangoja nione kama utauliza kabla ya kutenda. Leo hata karatasi ya maswali umeniomba ruhusa kuitoa."

Aliweka mkono kwenye bega la Chiriku, akaegemea hapo na kuinuka. Wakaondoka polepole, na mpaka wanafika nyumbani mkono ule ulikuwa bado begani.